Nani ampande jike? Kisa cha mwenye farasi aliyetafuta mpandaji mara mbili

Simu ilikuja usiku, na mwenye farasi hakunijulia hata hali. Aliuliza swali moja tu: "Hivi ukimkabidhi mtu farasi wako, akarudi si yule uliyemtoa, unamdai nani?"

Nilimwambia alale, tutaongea kesho. Mimi hufundisha kuruka viunzi, na yule jike namfahamu tangu aliponunuliwa, kwa hiyo nilijua swali halikuwa la mzaha. Kisa chenyewe nimeruhusiwa kukieleza chote mradi nisitaje majina. Nakieleza kwa sababu wengi wanaotafuta mtu wa kuwashindania farasi huanzia pale alipoanzia yeye, kwenye orodha ya wapandaji, na kwa maoni yangu orodha ni ya mwisho kabisa.

Tuanze na farasi. Ni jike wa kahawia, miaka minane, mguu mmoja wa nyuma mweupe. Alinunuliwa akiwa na miaka mitano, hajawahi kuruka kitu kirefu kuliko ufito uliolazwa chini. Mwenyewe, mama mwenye kazi yake ya ofisini, alimfundisha taratibu kwa miaka mitatu hadi wakawa wanashindana kwenye viunzi vya mita 1.10. Si farasi wa ajabu. Anaruka kwa bidii iliyochanganyika na woga kidogo, na farasi wa namna hiyo mara nyingi huwa mwangalifu kwa sababu hataki ufito umguse. Ana tabia zake. Akikaribia kiunzi huegemea kulia. Hapendi mkono mzito kwenye lijamu, kile chuma cha mdomoni. Na mama yule alimzoesha neno la kumtuliza: "haya", likivutwa kwa upole, kwa maana ya yamekwisha, pumua. Neno hilo ulikumbuke.

Kisha mama akaumia mgongo. Hakuanguka kwenye farasi. Aliinua gunia la chakula vibaya. Daktari akamkataza kuruka kwa mwaka mzima, na kupanda kwenyewe kusubiri miezi kadhaa. Msimu ulikuwa unaanza baada ya wiki sita, na jike alikuwa kwenye hali nzuri kuliko wakati wowote.

Hapo alikuwa na njia nne: ampumzishe, amuuze, amwazime mtu moja kwa moja, au amtafutie mpandaji wa kushindana naye huku yeye akibaki mwenye mali. Kuuza hakutaka kusikia. Kumwazima mtu moja kwa moja hakutaka pia. Kumpumzisha alikupuuza haraka mno. Farasi wa miaka minane bado mchanga kimichezo. Kwenye dresaji, mchezo wa farasi kuonyesha miondoko ya ufundi bila kuruka, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, haliruhusu farasi aliye chini ya miaka minane kushindana ngazi ya juu kabisa, Grand Prix. Maana yake huo ndio umri ambao kazi ya juu inaanza. Jike angeweza kukaa malishoni miezi mingi, akatembezwa kidogo, na asipoteze chochote cha kulilia. Lakini mwenye farasi mzuri ambaye hawezi kumpanda huona kila Jumamosi kama hasara. Namwelewa.

Mara ya kwanza

Alikuwa na majina matatu. La kwanza ni mpandaji wa kulipwa, anayejulikana, mwenye farasi kama kumi na wanne zizini kwake, na ushindi usiohitaji maelezo. La pili ni binti wa miaka kumi na tisa, hana farasi, anapanda wa watu popote anapopewa nafasi. La tatu ni mwanamume wa makamo, mpandaji wa ridhaa, wa zizi lilelile, mtulivu hadi wengine humwona mzito.

Akamchagua wa kwanza, na kigezo kilikuwa matokeo. Nilipomuuliza baadaye alimwambia nini siku ya makubaliano, alijibu bila kusita: "Nilimwambia nataka jike ashindane."

Mambo yaliharibikia kwenye sentensi hiyo. Kwa mpandaji wa kulipwa, farasi kushindana ni kupanda ngazi, kupata nafasi, kuonekana, na siku ikifika kuuzwa kwa bei nzuri. Hiyo ndiyo kazi yake, na anaijua. Kwa mama yule, kushindana kulikuwa na maana ya kumweka jike kwenye mazoezi ili mwaka ukiisha amkute palepale alipomwacha, pengine mbele kidogo. Mmoja anajenga farasi wa soko, mwingine anataka atunziwe farasi wake. Walipeana mikono kila mtu akiwa na kazi yake kichwani, na wala hapakuwa na aliyedanganya.

Jike akahamia zizi la mbali. Mwezi wa kwanza raundi mbili safi, bila kosa, kwenye mita 1.10. Wa pili, mita 1.20. Wa tatu, mita 1.25 na nafasi ya tatu kwenye kundi kubwa. Mama akatuma picha kwa kila mtu, mimi nikiwemo, nami nikampongeza. Ningefanya vizuri kuuliza kwa nini kwenye picha jike ana lijamu nisiyoijua na hatamu ya ziada puani. Sikuuliza.

Mwezi wa nne akaangusha fito mbili, alama nane za adhabu. Shindano lililofuata akagoma kwenye kiunzi cha pili. Kwa kanuni za kimataifa, kugoma mara ya kwanza ni alama nne, sawasawa na kuangusha ufito. Mara ya pili unatolewa. Akagoma mara ya pili. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Mpandaji akapiga simu kusema jike ana kichwa kigumu na anahitaji kupandwa kwa nguvu zaidi.

Mama akaenda kumwona. Akaomba atolewe tandiko, akapitisha kidole gumba kando ya uti wa mgongo, kutoka mabegani kurudi nyuma. Alipofika nyuma kidogo ya mabega, jike alizamisha mgongo kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, akageuza kichwa na kuonyesha meno. Farasi yule hakuwahi kumwonyesha mtu meno.

Daktari wa mifugo alikuta maumivu ya misuli ya mgongo. Tandiko lilikuwa la mpandaji, zuri na la gharama, lakini la farasi mwenye mgongo mpana. Jike alikuwa mwembamba, na baada ya miezi mitatu ya kazi nzito misuli yake ilikuwa imebadilika umbo. Tandiko lililokaa vibaya kidogo mwezi wa kwanza, mwezi wa nne lilikuwa linamfinya. Akawa amejifunza kwamba kuruka kunauma, na farasi mwangalifu akijifunza hilo hutafuta njia ya kutoruka. Kwa hiyo wakabaki wawili wenye migongo mibovu, mwenye mali na mali yake.

Jike akarudishwa nyumbani, akapumzishwa wiki nyingi. Daktari wa mama alipomruhusu kupanda kwa hatua za kawaida na telki tu, yaani mbio za taratibu, alimpanda uwanjani nami nikiwa nimesimama katikati. Mambo yalikwenda vizuri hadi ndege aliporuka kutoka kwenye uzio na jike akashtuka. Mama akafanya alichozoea. Akasema, kwa upole, "haya."

Jike akatoka shoti.

Zizi lile lilikuwa na farasi wengi na wasaidizi wachache. Asubuhi, wakati wa kuwapandisha farasi kwenye gari, "haya!" lilikwenda pamoja na kofi la makalioni. Hakuna aliyekusudia ubaya; kila mtu husema hivyo anapoharakisha. Lakini miezi ilikuwa imetosha neno kugeuka maana. Mama alishika singa kwa mikono miwili, hakuanguka, na jike akasimama mwenyewe baada ya mizunguko miwili. Usiku huo ndio aliponipigia simu.

Anadaiwa nani?

Jibu langu, ambalo hakulipenda, lilikuwa kwamba anayedaiwa sehemu kubwa ni yeye mwenyewe.

Mpandaji namlaumu kwa mambo mawili. Alipobadilisha tandiko na lijamu alipaswa kusema. Na farasi mwangalifu anapogoma ghafla, unaanza kwa kutafuta anaumwa wapi. Kichwa kigumu kinakuja mwisho, kama kipo. Ila kumpandisha jike hadi mita 1.25, kumfanya mwepesi na mkali wa kujibu mguu, kumweka kwenye zizi lenye pilikapilika, hayo yote ndiyo aliyoajiriwa kuyafanya, kwa jinsi alivyoielewa ajira.

Watu hudhani farasi ni kama gari, anayejua kuendesha vizuri ataendesha lolote. Wenye dhana hiyo wana ushahidi wa kupendeza. Tangu 1953 hadi 2014, bingwa wa dunia wa kuruka viunzi alipatikana kwenye fainali ya kubadilishana farasi: wanne bora, kila mmoja anapanda wake, kisha wa wenzake watatu, baada ya dakika chache tu za kupasha misuli. Mwaka 2014 huko Caen, Ufaransa, alishinda Mholanzi Jeroen Dubbeldam. Ukitazama fainali zile unaona kweli kwamba mpandaji hodari huweza kukaa juu ya farasi asiyemjua na kumtoa uwanjani na raundi safi.

Lakini hapo kinachopimwa ni dakika kumi, na kumkaa farasi mwaka mzima ni kazi nyingine. Ushahidi wa upande huo ni Totilas, yule dume mweusi wa dresaji. Akiwa na mpandaji Edward Gal alipata alama za asilimia 92.30 London mwezi Desemba 2009, rekodi ya wakati ule, na 2010 akatwaa dhahabu tatu kwenye mashindano ya dunia Kentucky. Mwezi Oktoba mwaka huohuo akauzwa Ujerumani, na Matthias Alexander Rath akawa mpandaji wake. Kulikuwa na fedha, wataalamu, kila kitu. Majeraha nayo yaliingilia kati, hilo lisemwe kwa haki. Alama za enzi ya Gal hazikuonekana tena, na 2015 alistaafishwa.

Huwa napenda zaidi kisa cha Milton, farasi wa kuruka viunzi. Mpandaji wake, Mwingereza Caroline Bradley, alifariki 1983 farasi akiwa bado kijana. Wazazi wake hawakuwa wapandaji wa ngazi ile, na wanunuzi walikuwepo. Walikataa kuuza, wakamkabidhi mpandaji John Whitaker, na Milton akawa miongoni mwa farasi waliopata zawadi nyingi zaidi katika historia ya kuruka viunzi. Wale wazee walijua wanachokitaka kabla ya kujua nani atakifanya: farasi wa binti yao aendelee kuruka, abaki kuwa wao. Mpandaji alitafutwa alingane na hilo.

Basi nikamwambia mama achukue karatasi, aandike sentensi moja inayoanza na "Baada ya mwaka nataka." Alirudi na hii: Baada ya mwaka nataka nimpande mwenyewe kwenye viunzi vya mita 1.00 bila woga, wangu wala wake.

Ukiisoma vizuri, nusu ya maamuzi imekwisha kufanyika ndani yake. Mpandaji asivuke mita 1.10, kwa sababu kila sentimita ya juu inaongeza kasi na nguvu ambayo mama hataiweza. Mashindano yasizidi mawili kwa mwezi. Lijamu laini ileile, tandiko la nyumbani, likaguliwe na fundi kila msimu. Jike abaki zizini kwake. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: katika mifumo mingi ya mashindano farasi hupandishwa daraja kwa alama au zawadi anazozoa, yeyote aliyekuwa juu yake. Mpandaji hodari anaweza kukushindia kila wiki, na siku unarudi ukute farasi wako haruhusiwi tena kwenye madaraja unayoyaweza wewe. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Mara ya pili

Safari hii hakutafuta kwa kuuliza nani anashinda. Alimuuliza fundi wa kwato na daktari wa mifugo. Fundi wa kwato huingia kila zizi, tena siku za kazi, farasi wakiwa hawajasukwa singa wala kupakwa mafuta ya kwato. Anajua ni wa nani wanaosimama kwa utulivu akiwainua mguu, na wa nani wanaotetemeka. Hakusema baya juu ya mtu, mafundi hawasemi. Alitaja tu majina mawili, na yote yalikuwa kwenye orodha ya kwanza: binti na yule bwana wa makamo.

Mimi nikamshauri aende kwenye mashindano lakini asikae jukwaani, asimame kando ya uwanja wa kupasha. Uwanja mkuu kila mtu amejipanga. Kwenye uwanja wa kupasha kuna farasi kumi wanapishana, muda ni mfupi, kocha anapiga kelele, na mtu huonekana alivyo. Mwangalie farasi wake akiangusha ufito. Mkono unafanya nini sekunde ile? Ukienda nyuma kwa hasira na kuivuta lijamu, umepata jibu lako. Ukilegea, mpandaji akashika tena mwendo na kurudi kwenye kiunzi kilekile kwa utulivu, muulize jina.

Matokeo ya uwanjani hayakwambii kinachofanyika kwenye mazoezi, wala medali hazikwambii. Charlotte Dujardin, mpandaji wa Uingereza, alikabidhiwa farasi Valegro na Carl Hester, mmoja wa wamiliki wake na mwalimu wake, na wakaandika historia ya dresaji, dhahabu mbili London 2012 zikiwemo. Dujardin huyohuyo alijitoa Olimpiki ya Paris 2024 baada ya video kuonyesha akimchapa farasi miguuni mara nyingi wakati wa somo, na FEI ikamfungia mwaka mmoja. Nalitaja kwa sababu mama aliuliza kama ni adabu kwenda kumtazama mtu akifundisha farasi bila kutoa taarifa. Nilimwambia ni adabu kwa jike.

Yule bwana wa makamo alikuwa chaguo la moyo wake. Kilichomkwamisha ni mizani. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni mpandaji pamoja na matandiko yasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, na wapo wanaosema 15. Jike ana kilo 480, hivyo asilimia 20 ni kilo 96. Bwana ana 88, matandiko tisa. Kilo moja si kitu kwa farasi mzima, lakini kwa jike anayetoka kwenye maumivu ya mgongo hatukutaka kuanza tukiwa juu ya mstari. Aliposikia alicheka, akasema mke wake alikwisha kumwambia hivyohivyo kwa maneno makali zaidi.

Akabaki binti. Mama alikuwa na wasiwasi: mdogo, hana jina, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tulikubaliana majaribio matatu kwa siku tofauti, kwa sababu siku ya kwanza farasi na mtu hupimana tu, na siku njema moja haina ushahidi.

Siku ya kwanza binti alifika mapema kuliko tulivyomwambia. Hakwenda kwa jike moja kwa moja. Alisimama mlangoni akamwacha amnuse mkono. Kisha akamgeukia mama. "Shikamoo mama. Akigoma, huwa anageukia upande gani?"

Mama alinitazama. Mpandaji wa kwanza, pamoja na ushindi wake wote, hakuwahi kuuliza hilo. "Kulia," akasema. "Daima kulia."

Kupanda kwenyewe kukawa mtihani. Jike alikuwa ameshazoea kuondoka mguu wa mtu ukigusa tu kikuku cha tandiko, kile cha kukanyagia, kwa maana kule hapakuwa na muda wa kusubiri. Binti akaweka mguu, jike akapiga hatua. Binti akautoa, akamrudisha mahali pake, akasubiri. Akaweka tena, jike akapiga hatua. Akautoa tena. Hakusema neno, hakuvuta hatamu. Mara ya nne jike alisimama, na binti badala ya kukaa haraka akaegemea tandiko tu, akashuka, akamsugua shingoni. Alipanda mara ya sita. Zilipita kama dakika kumi na mbili, na mama, ambaye alikuja akiwa amekunja mikono kifuani, alikuwa ameikunjua.

Kwenye kiunzi kidogo jike akaegemea kulia kama kawaida. Binti hakumpiga mguu. Alifungua mkono wa kushoto kidogo, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango, na jike akarudi katikati. Siku ya tatu tulimpeleka kwenye shindano dogo wakaruka nje ya ushindani, bila kuhesabiwa.

Kasoro zake zipo. Akiogopa hunyamaza, na ukimya huo unaweza kuonekana kama ujasiri. Halafu mtu asiye na farasi hushindwa kukataa chochote, kwa hofu ya kupoteza nafasi. Kwa hiyo tuliweka kwenye makubaliano kwamba hatapoteza nafasi kwa kujitoa kwenye shindano, hata kama ada imeshalipwa. Niongeze kwamba baadaye binti alianza kufundishwa nami, kwa hiyo sifa ninazompa uzipunguze kidogo.

Karatasi

Makubaliano yalikuwa ukurasa mmoja. Mara ya kwanza hayakuwepo kabisa, kwa sababu watu wanaoheshimiana huona aibu kuandikiana. Mama alilipa kila kitu cha jike: chakula, kwato, daktari, usafiri, ada za mashindano, na mafunzo ya binti siku anazompanda. Zawadi waligawana nusu kwa nusu. Bima iliarifiwa kwa maandishi kwamba mpandaji amebadilika, maana kuna bima zinazomtambua mwenyewe tu, na huwezi kujua hadi siku ya ajali. Jike akiuzwa, jambo ambalo mama aliapa halitatokea, binti ataambiwa kwanza. Yeyote anaweza kuvunja makubaliano kwa taarifa ya wiki mbili.

Kipengele kilicholeta ubishi ni cha dawa. Mama ana kabati la marhamu na unga wa kila aina, na alidhani vya kupaka havihusu mashindano. Nilimkumbusha Olimpiki ya 2008. Farasi kadhaa wa kuruka viunzi walikutwa na kapsaisini, kitu kinachofanya pilipili iwashe, ambacho hupatikana kwenye marhamu za kawaida za misuli. Norwei ilipoteza shaba ya timu kwa sababu hiyo. Na kwa kanuni za FEI anayehesabiwa kuwa na jukumu la farasi shindanoni ni mpandaji. Mama angepaka, binti angefungiwa. Basi pakawekwa daftari mlangoni pa banda: kila kinachoingia au kupakwa kwenye mwili wa jike kinaandikwa, tarehe na saa, na binti analisoma kabla ya kila shindano. Mama aliliita daftari la polisi kwa wiki mbili, kisha akalizoea.

Matokeo hayakuwa ya kupigiwa vigelegele. Shindano la kwanza kwenye mita 1.00 waliangusha fito mbili na kupitisha muda, kwa kuwa binti alikwenda polepole kwa makusudi. La pili ufito mmoja. La tatu raundi safi, nafasi ya saba. La tano jike aligoma mara moja, kulia bila shaka. Binti akazunguka, akaruka, akamaliza.

La sita hawakuruka kabisa. Kwenye uwanja wa kupasha binti aliona jike anafupisha hatua ya mguu wa mbele wa kushoto, kidogo sana, mimi mwenyewe sikuona. Akashuka, akamwongoza nje kwa miguu, akaja kwa mama akiwa na uso wa mtu anayesubiri kugombezwa. "Mama, samahani. Sijui ni nini, ila si yeye." Daktari wa mifugo alikuta kwato imechubuka chini, pengine kwa jiwe. Siku kumi za kupumzika zikatosha. Mama aliniambia kwamba ada ya shindano lile ndiyo aliyoilipa kwa furaha kuliko zote.

Mwezi wa kumi na moja tangu binti aanze, mama alimpanda jike kwa shoti ya polepole kwa mara ya kwanza. Binti alikuwa amesimama kwenye kona ya uwanja, mimi kwenye nyingine. Karibu na mlango jike alianza kuongeza kasi. Mama akasita, nikaona midomo yake inajishauri, halafu akalisema lile neno, akilivuta kama zamani. Sikio moja la jike likageuka nyuma. Hakupunguza. Akalisema tena, na safari hii jike akashuka hadi telki, akapuliza pumzi ndefu puani. Baadaye binti alikiri kwamba kwa miezi yote ile, kila alipomaliza mazoezi na kulegeza hatamu, alikuwa akimwambia neno lilelile. Hakuambiwa na mtu. Alimsikia mama akilisema siku ya kwanza, huku akimpa jike kipande cha karoti.

Sasa kuna jambo jipya. Mtu amemwona binti, amempa farasi mwingine wa kushindana naye, wa mita 1.30, na siku za mashindano zinagongana. Mama anataka jike aendelee na binti mara moja kwa mwezi, na zilizobaki awe wake. Binti anataka vyote viwili na hajui kusema. Wameniomba niandike karatasi ya mwaka wa pili. Juu kabisa nimeandika "Baada ya mwaka nataka", mara mbili, mistari miwili, mmoja wa kila mtu, na nimewaachia wajaze wenyewe.